Safari ya Kwanza ya Kulala Garini: Maandalizi Yaanzie Nyumbani

Zamani gari lenye hema juu ya paa lilikuwa ishara ya mtalii kutoka nchi za mbali. Siku hizi hali imebadilika. Familia za Kampala, Jinja na Mbarara hukodi magari ya namna hiyo wakati wa likizo, na wengine huondoa viti vya nyuma vya gari lao, wakatandika godoro, wakaenda kuijua nchi yao wenyewe. Jambo hili ni la kheri, nasi katika Jeshi la Polisi tunalifurahia. Hata hivyo, gari la kulala ni vitu viwili vilivyounganishwa: ni chombo cha barabarani na ni nyumba. Asafiriye kwa mara ya kwanza aghalabu hukumbuka kimoja akasahau cha pili, na hapo ndipo madhara huzaliwa.

Ili maelezo haya yasielee hewani, tuchukue mfano wa safari ya kutoka Kampala hadi Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Ni mwendo wa takriban kilomita 240, barabara ya lami karibu yote, na kambi iko kando ya ziwa. Kwa anayeanza, safari hii inatosha kufundisha bila kuchosha.

Usiku mmoja uani kwako

Zoezi la kwanza halihitaji hata lita moja ya mafuta. Juma moja kabla ya safari, egesha gari uani na familia yote ilale humo usiku mzima. Pikeni chakula cha jioni kwa vyombo vile vile mtakavyobeba, fungueni hema na kulifunga, tafuteni tochi gizani. Ndipo mtakapogundua kwamba zipu imekatika, kwamba chandarua hakitoshi, au kwamba mtoto hawezi kushuka ngazi ya hema peke yake. Kasoro iliyoonekana uani hurekebishwa kwa dakika chache. Ikionekana porini usiku wa mvua, huwa ni balaa.

Asubuhi yake, washa gari. Likikataa kuwaka kwa sababu taa, simu na jokofu dogo vimekula umeme wa betri usiku kucha, umepata somo kwa bei nafuu. Vifaa vya kulalia vitumie betri ya pili iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Gari lenye mzigo si gari lile la kila siku

Hema la paani, maji, godoro na vyakula huongeza uzito, na uzito ulio juu hufanya gari liyumbe kwenye kona na kwenye upepo wa malori. Vitu vizito viwekwe chini na katikati, vifungwe kwa kamba imara. Dumu la maji lisilofungwa huruka kama jiwe gari linapofunga breki ghafla.

Kagua magurudumu kabla ya jambo lingine lolote. Ubavuni mwa kila tairi mna namba nne za mwisho zinazoonyesha wakati lilipotengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319, kwa mfano, lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama kashata bado zinaonekana nzuri. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa bado baridi, kwa kufuata kibandiko kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Hakikisha una tairi la akiba lenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, kizimamoto, sanduku la huduma ya kwanza na pembetatu za kuakisi mwanga. Leseni ya dereva iendane na aina ya gari, na bima iwe hai. Ukikodi, soma mkataba wote kabla ya kutia saini, na ulikague gari mchana.

Kitanda si kiti

Hili nalisema kwa mkazo. Gari likiwa katika mwendo, asiwepo mtu aliyelala kitandani nyuma, hasa watoto. Wazazi wengi huona huruma: mtoto amechoka, godoro lipo, kwa nini asijinyooshe? Gari likisimama ghafla kutoka kilomita 80 kwa saa, mwili usiofungwa huendelea kwa kasi ile ile mpaka ugonge kitu. Kila msafiri aketi kwenye kiti chenye mkanda, naye aufunge. Mtoto akichoka, simameni.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kayabwe, pale Ikweta inapoikata barabara, ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu. Kutoka hapo mnaingia bonde la Lwera, lenye kinamasi pande zote mbili na barabara inayomshawishi dereva kuongeza mwendo. Asishawishike. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unaohitajika kusimama kwa breki huongezeka mara nne, na gari lenye mzigo huhitaji zaidi. Mkiondoka mapema mtapita Masaka na Lyantonde mchana kweupe, na mtafika langoni jua likiwa bado juu.

Katika nchi yetu jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Ukikutwa barabarani na giza, utakutana na malori yaliyoharibika bila taa, yaliyotangulizwa matawi ya miti tu kama onyo. Lala mji ulio karibu, uendelee kesho yake. Aidha, ndani ya hifadhi hairuhusiwi kujiendeshea gari usiku.

Jiko la mkaa lisiingie ndani

Nikiri kosa langu. Safari yetu ya kwanza, mvua ilinyesha tulipomaliza kupika. Watoto walikuwa wakitetemeka kwa baridi. Sigiri ilikuwa na makaa mekundu yasiyotoa moshi hata kidogo, nami nikaliingiza garini, nikafunga madirisha. Nilijiona baba mwenye busara. Usiku wa manane binti yetu mdogo alitapika, na kelele zake zikamwamsha mama yake, ambaye alilalamika kuwa kichwa kinampasuka. Mimi nilijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Ni mke wangu aliyeusukuma mlango. Tulilala kwenye majani yenye maji mpaka pumzi zikaturudia, kisha tukaomba msaada wa kufikishwa hospitali. Hadi leo nikisoma taarifa ya watu waliokutwa wamekufa chumbani penye sigiri, huikumbuka sauti ya mtoto yule akitapika, ndiyo iliyotuokoa.

Sababu ni hii. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Moshi kutoonekana si usalama, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Jiko la mkaa, jiko la gesi, jenereta na injini inayonguruma vyote vikae mbali na mahali pa kulala. Baridi ikizidi, tumia mablanketi. Watu wawili wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja ndani ya gari au hema, tokeni nje wote mara moja, na mwende hospitali hata mkijisikia nafuu. Vivyo hivyo, jerikeni la petroli halilali na watu.

Kambini ni kwa wenyeji wa pori

Pigeni kambi mahali palipoidhinishwa tu, na msikilizeni askari wa hifadhi. Mburo ni makazi ya viboko, ambao hutoka ziwani usiku kula majani, wakipita hata katikati ya kambi. Kiboko hutisha zaidi akizibiwa njia ya kurudi majini. Usisimame kati yake na ziwa, wala usimsogelee kwa ajili ya picha. Ukitaka kwenda msalani usiku, angaza pande zote kwa tochi kabla ya kushuka. Chakula kifungwe garini, kwani nyani na ngedere huchungulia kila pembe. Moto wa kambi uzimwe kwa maji mpaka majivu yapoe, usifukiwe tu kwa udongo: makaa yaliyofukiwa hubaki moto kwa saa nyingi na huunguza nyayo za atakayefuata.

Nyumba uliyoiacha

Mwisho, kumbuka mlango uliofungwa nyuma yako. Mjulishe jirani unayemwamini pamoja na mwenyekiti wa LC1, na umwachie jirani huyo karatasi yenye njia mtakayopita, namba ya gari na siku ya kurudi, kwani mtandao wa simu hudhoofu hifadhini. Picha za safari zisubiri mpaka mrudi. Anayezitangaza akiwa kambini humwambia mwizi kwamba nyumbani hakuna mtu. Dharura ikitokea, piga 999 au 112 bila malipo.

Orodha hii ni ndefu, lakini nyingi ya kazi zake humalizika uani kwako kabla ya safari. Chukua jioni moja, keti na familia, mgawane majukumu. Nasi tutafurahi kukupungia mkono ukipita kwenye kizuizi chetu, ukienda na ukirudi.