Muuguzi mpya wodini (2): Nani asimame naye?

Katika sehemu ya kwanza tulimwacha muuguzi wetu wa stashahada ana leseni mkononi na barua ya kupangiwa hospitali ya wilaya. Mwenzake wa shahada angalau hupitia mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Huyu anaingia moja kwa moja.

Siku ya kwanza ni ya makaratasi na kuzungushwa: utumishi, maabara, duka la dawa, kusalimia mganga mfawidhi. Wengi huita hayo mafunzo elekezi. Kesho yake jina lake limo kwenye ratiba, anahesabiwa mtu kamili, na wiki haijaisha yuko zamu ya usiku.

Usiku huo analetwa mjamzito mwenye degedege la kifafa cha mimba. Dawa ni magnesiamu salfeti. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4 katika mchanganyiko wa asilimia 20, lakini kabatini mna ampuli za asilimia 50. Basi avute mililita 8, aongeze mililita 12 za maji ya sindano, adunge taratibu. Kisha gramu 10 za msuli, 5 kila tako. Kabla ya dozi inayofuata ahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, agonge goti aone kama linaruka, na apime mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukonati ikae karibu, maana dawa hii ikizidi mwilini husimamisha pumzi.

Hesabu hiyo aliifaulu chuoni. Asichokijua ni ufunguo wa kabati anao nani, daktari wa zamu hupatikana kwa namba ipi, na nani atamshikilia mama huku yeye anatafuta mshipa.

Mmarekani Marlene Kramer aliuandikia kitabu mshtuko wa namna hii mwaka 1974. Miaka kumi baadaye Patricia Benner akapanga ngazi tano za kukua kwa muuguzi, kutoka mwanagenzi hadi bingwa, akijengea juu ya kazi ya ndugu wawili wa ukoo wa Dreyfus waliochunguza marubani na wacheza sataranji. Kwa Benner, aliyehitimu jana yuko ngazi ya pili, na umahiri wa ngazi ya tatu huja baada ya miaka miwili au mitatu katika kazi ileile. Aliongeza jambo ambalo wapanga zamu husahau: hata mkongwe wa wodi ya upasuaji akihamishiwa kwa watoto wachanga anaweza kurudi kuwa mwanagenzi. Naye anahitaji mtu wa kumwelekeza.

Kumteua mlezi kwa maneno hakutoshi. Mlezi aliyebaki na wagonjwa wake wote hufundisha akitembea, na swali la tatu humuudhi. Kwa maoni yangu, majuma ya mwanzo hao wawili wahesabiwe kama muuguzi mmoja, na usiku asiachwe peke yake mpaka mlezi aweke sahihi kwamba amemwona akizifanya kazi za dharura kwa mikono yake. Muuguzi kiongozi atauliza watu atawatoa wapi. Swali lake ni la haki, na jibu halipo mikononi mwake. Lipo kwa anayepanga ikama na bajeti.

Sehemu ijayo: kukabidhiana zamu.