Siagi ya Karanga na Sumu Isiyoonekana

Katika nyumba nyingi za Kihonda, kaskazini ya mji wa Morogoro kando ya barabara iendayo Dodoma, karanga zilizosagwa ni chakula cha kila siku. Hupakwa juu ya mkate pamoja na chumvi na pilipili kidogo, hutiwa katika uji wa mtoto, na zaidi ya yote huungiwa mboga. Majirani hupashana habari za mapishi hayo: huyu hukaanga kwa moto mdogo ili siagi isiwe chungu, yule huongeza ndimu, mwingine huoka mkate wa karanga katika sufuria iliyowekewa makaa juu na chini. Jambo moja aghalabu halitajwi, nalo ni kuchambua.

Ubora wa karanga hauna shaka. Wakati wa mvua mchicha, matembele, mnavu na majani ya kunde hupatikana kwa wingi, na kutoka Mgeta katika milima ya Uluguru huteremshwa kabichi, karoti na njegere. Majani ya kijani kilichokolea yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini karotini huyeyuka katika mafuta, wala si katika maji. Mboga iliyochemshwa tupu hupita tumboni na sehemu kubwa ya hazina yake. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Kwa hiyo mpishi aungaye matembele kwa karanga hutenda lile ambalo wataalamu wa lishe wangemshauri, naye alilipokea kwa bibi yake kabla hawajamfikia.

Hatari hutoka kwa kuvu aitwaye Aspergillus flavus, aishiye udongoni. Ukame mwishoni mwa msimu huidhoofisha karanga ikiwa bado ardhini, wadudu hutoboa ganda, na kuvu huingia. Baada ya mavuno huendelea kukua iwapo karanga hazikukaushwa hadi unyevu wake upungue chini ya asilimia 8 hivi. Wako wanaolowesha karanga kavu ili maganda yabanduke upesi. Kazi yote ya jua hupotea kwa ndoo moja ya maji. Kuvu huyo hutengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini, isiyo na rangi, harufu wala ladha ya kumwonya mlaji.

Sumu hiyo ilijulikana baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Hapa Tanzania, mwaka 2016, watu zaidi ya 60 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara na takriban 20 wakafariki; safari hiyo chanzo kilikuwa mahindi. Vifo vya ghafla namna hiyo si vya kawaida. Lililo la kawaida zaidi ni kula kidogo kidogo kwa miaka mingi, na matokeo yake ni saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo, yaani gramu moja katika tani 100.

Je, moto hauiondoi? Kukaanga hupunguza sehemu tu. Kuoka kunasaidia kidogo zaidi ya hapo, au hata chini yake: ganda la mkate hubabuka, lakini ndani, maadamu mna maji, joto halizidi nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali aflatoksini huanza kuvunjika kwa hakika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200. Mkate wa karanga mbovu hutoka jikoni ukinukia vizuri na sumu yake ndani.

Linalosaidia ni ungo na macho. Sumu haienei sawasawa katika gunia. Hujikusanya katika punje chache, na punje moja iliyoharibika sana yaweza kutosha kuichafua kilo nzima. Ziondolewe zilizosinyaa, zilizotobolewa, zilizovunjika, zilizochipua na zenye ukungu. Baada ya kukaanga, ngozi nyekundu ipukutishwe na punje zitazamwe tena, kwani nyingine huonyesha weusi wake hapo tu. Kazi hii lazima ifanyike kabla ya kinu. Zikishasagwa, punje mbovu na nzima huwa rangi moja, na hiyo ndiyo sababu ya karanga zilizosinyaa, ziuzwazo kwa bei nafuu “za kusaga”, kuwa ghali kuliko zote.

Zilizochambuliwa na kutupwa zisipewe kuku wa uani, kwa sababu iliyoonekana kwa batamzinga. Ng’ombe naye akilishwa, sehemu ya sumu hugeuka umbo iniini mwake na kutokea katika maziwa, nayo haiondoki kwa kuchemsha. Shimo refu la takataka latosha.