Fahamu: Suldaan wa Garissa ni nani?
Siasa za Garissa zinapopamba moto, vyeo vya wazee husikika: Ugaas, Suldaan. Neno hili la pili ni lile lile "sultani" la pwani, kutoka Kiarabu. Ndani ya Kurani lina maana ya mamlaka au hoja nzito. Baadaye ndipo likawa cheo cha mtu.

Zanzibar cheo hicho kiling'olewa na Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Kwa Wasomali wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya kingali hai, tena bila taji la dhahabu: siku ya kutawazwa, caleemo saar, yaani kuvikwa majani, kiongozi huwekewa majani mabichi.

Suldaan asichanganywe na chifu. Chifu huajiriwa na serikali. Suldaan hukubaliwa na ukoo wake, naye hupatanisha watu panapomwagika damu. Kazi hiyo, kwangu, ndiyo heshima yenyewe.