Maji tunayokunywa, mboga tunazokula: namna ya kupima vinavyoingia mwilini



Katika mikutano yetu upande wa Kolwezi, swali moja linarudia kila mara: je, maji ya mto na mboga za bondeni ziko na madini yenye kuharibu mwili, ao hapana? Wengine wanajibu mbio: «Mayi iko inang'ara, iko muzuri.» Wengine: «Tuko tunakula hii lengalenga tangu zamani na hatuyakufa bado.» Wengine tena wanaogopa kila kitu, hata wanaacha kuwapa watoto mboga. Majibu haya matatu yanafanana kwa jambo moja: hakuna aliyepima.

Katika ukurasa huu tutaeleza namna watafiti wanapima vyakula na maji, namna wanapima mwili wa mtu, na kile ambacho vipimo vilivyofanywa hapa kwetu vimeonyesha. Mwishoni tutaona kazi ambayo koperative inaweza kuanza yenyewe.

Jicho na ulimi havitoshi

Maji yenye udongo yanaweza kuwa bila madini mabaya, na maji yanayong'ara yanaweza kuwa nayo. Kobalti, risasi, kadmiamu na uraniamu, kwa kiasi kinachohesabiwa katika maji ya kunywa, havina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linasema risasi katika maji ya kunywa isipite mikrogramu 10 kwa lita moja. Mikrogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Chukua kijiko kidogo cha chumvi, yapata gramu 5, ukitawanye katika bidoni 25,000 za lita 20: hapo kila lita itakuwa na mikrogramu 10. Hakuna ulimi unaoweza kuonja kitu kidogo namna hiyo. Ni mashine ya laboratwari tu.

Tena, kuchemsha maji hakuondoi madini. Moto unaua vidudu vya kolera na vya kuhara, na kwa ajili hiyo tuendelee kuchemsha ao kutia dawa ya klorini. Lakini madini yanabaki ndani ya sufuria, na maji yakipunguka kwa mvuke, yanakuwa mengi zaidi katika kila lita iliyobaki.

Njia ya kwanza: kupima kinachoingia

Kwa kujua madini yanayoingia mwilini kwa siku, mtafiti anahitaji hesabu mbili kwa kila kitu: mtu anakula ao anakunywa kiasi gani, na katika kiasi kile kuna madini kiasi gani. Anazidisha moja kwa nyingine, kisha anajumlisha yote.

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu, si vipimo vya kijiji fulani. Mama anakunywa lita 2 za maji, na kila lita ina mikrogramu 10 za kobalti: hiyo ni 20. Siku ileile anakula gramu 200 za lengalenga, na kila gramu ina mikrogramu 1: hiyo ni 200. Basi kwa mama huyu mboga imeleta mara kumi kuliko maji. Kama tungepima kisima peke yake na kusema «maji ni safi, maneno imekwisha», tungekosa sehemu kubwa ya habari.

Sasa tuangalie mtoto wa kilo 15 anayecheza chini. Vumbi inashika mikono, mikono inaingia kinywani. Akimeza vumbi kidogo tu, gramu 0.1 kwa siku, na kila gramu ya vumbi ina mikrogramu 1,000, amepata mikrogramu 100. Kwa kila kilo ya mwili wake ni karibu 7. Mtu mzima wa kilo 60 akimeza kiasi kilekile, ni chini ya 2 kwa kilo. Ndiyo maana watafiti wanapima watoto mbali na watu wazima.

Kazi ngumu iko katika kuuliza watu wamekula nini. Ukimwuliza mtu «kwa kawaida unakula nini?», atakutajia chakula cha siku nzuri. Njia bora ni kumwuliza alichokula tangu jana asubuhi mpaka leo asubuhi: bukari kiasi gani, sombe kiasi gani, samaki wa wapi, maji ya kisima gani. Wanatumia kikombe na sahani ya nyumbani mwake kwa kukadiria, kisha wanarudi siku ingine, maana chakula cha siku ya soko si chakula cha siku ya njaa. Wanarudi pia katika kipwa, wakati vumbi ni nyingi na watu wanamwagilia kwa maji ya mto, na tena wakati wa mvua.

Njia ya pili: kupima kinachotoka

Hesabu ya chakula inaweza kukosea. Kwa hiyo watafiti wanaangalia mwili wenyewe, na njia nyepesi kuliko zote ni mkojo. Kobalti iliyoingia katika damu, sehemu yake kubwa inatoka kwa mkojo ndani ya siku chache. Kwa hiyo kipimo cha mkojo kinaeleza ulichomeza siku hizi, hakielezi ulichomeza miaka kumi iliyopita. Risasi ni tofauti: inajificha ndani ya mifupa kwa miaka mingi, na kwa kawaida wanaitafuta katika damu. Kadmiamu inakaa katika figo kwa makumi ya miaka.

Kuna mtego mmoja hapa. Mtu aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi, aliyefanya kazi juani ana mkojo mzito. Kwa kusawazisha, wanapima pia kreatinini, kitu ambacho mwili wenyewe unatoa kila siku kwa kiasi kisichobadilika sana. Ndiyo maana kwenye karatasi ya matokeo utaona «mikrogramu kwa gramu ya kreatinini».

Vipimo vya hapa kwetu vimesema nini?

Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, wamefanya kazi hii katika Katanga kwa miaka mingi. Mwaka 2009 walitoa matokeo ya mkojo wa watu 351. Watu 179 kati yao walikuwa wanaishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi ao viwanda vya kuyeyusha madini. Hao walikuwa na kobalti, shaba, risasi, kadmiamu, arseniki na uraniamu kupita watu wa mbali. Kwa kobalti, watoto walizidi watu wazima.

Halafu swali likawa: inapita njia gani? Mwaka 2014 walitoa utafiti mwingine, safari hii wakipima maji, udongo, vumbi la nyumbani, mboga, unga na samaki. Matokeo yalionyesha kwamba kwa watu wazima chakula cha maeneo yaliyochafuka kina sehemu kubwa, na kwa watoto vumbi inaongeza sana.

Mwaka 2018 ikafuata Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014 wakaanza kuchimba ndani ya parseli. Walipima wakaaji 72, kati yao watoto 32, wakawalinganisha na watu 25 wa mtaa wa karibu usiokuwa na mashimo. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu, watoto wakiwa mbele. Kwa watoto waliona pia alama za kuharibika kwa sehemu ya chembechembe za mwili inayobeba urithi.

Upande wa maji, utafiti uliotolewa mwaka 2013 juu ya mito Luilu na Musonoi ulionyesha shaba na kobalti nyingi, hasa katika matope ya chini. Hilo linatuhusu sisi wakulima, sababu mto ukijaa unaacha matope yale juu ya vitalu vyetu.

Kuingia mwilini si sawa na kugonjesha

Hapa tuwe waangalifu. Kuona kobalti katika mkojo kunaonyesha kwamba imeingia. Hakuonyeshi peke yake kwamba mtu huyo ni mgonjwa, ao kwamba kikohozi chake kimetoka kwenye lengalenga. Kwa kusema «hiki kimeleta kile», unahitaji watu wengi, muda mrefu, na kulinganisha watu wanaofanana kwa umri, kazi na maisha. Mvuta tumbaku, kwa mfano, anapata kadmiamu kutoka moshi wake. Ukisahau kumwuliza, utaitupia mboga kosa lisilo lake.

Mwaka 2020 walitoa matokeo kutoka Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na vilema: watoto 138 wenye vilema na 108 wasiokuwa navyo. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kama baba anafanya kazi ya migodi. Utafiti huo haukusema kwamba mboga ndiyo ilileta vilema, na sisi tusiusemeshe hivyo. Lakini unatosha kwa kumwambia baba anayetoka karieri: vua nguo za kazi na uoge kabla ya kubeba mtoto, na nguo zile zisifuliwe pamoja na za watoto.

Sasa koperative ifanye nini?

Najua woga ulioko: «Tukipima, wanunuzi wa soko la Kolwezi watakimbia mboga zetu.» Ni woga wa kweli, maana pesa ya masomo ya watoto inatoka pale. Lakini bila vipimo, siku maneno mabaya yakitokea sokoni, mashamba yote yatahukumiwa pamoja, la juu na la bondeni. Aliyepima anaweza kuonyesha kitalu kizuri na kuhamisha kile kibaya. Tena, wa kwanza kula mboga zile ni watoto wetu wenyewe.

Mambo ya kuanza nayo:

1. Chora ramani ya vitalu. Andika kila kitalu kinamwagiliwa kwa maji gani, kinafurika ao hapana, kiko mbali gani na mgodi, kiwanda ao barabara ya magari ya madini. Vitalu vyenye mashaka ndivyo vipimwe kwanza.

2. Majani na mizizi vinakusanya madini kuliko nafaka na matunda. Kwa kitalu chenye mashaka, acha lengalenga, sombe na matembele, panda mahindi ao miti mpaka majibu yatoke.

3. Chokaa ya shamba na samadi vinapunguza ukali wa udongo na kushika shaba, kobalti na kadmiamu zisipande kwa wingi katika mmea. Haviondoi madini, vinayafunga tu.

4. Osha mboga mara mbili ao tatu kwa maji ya kisima kizuri, si ya mto. Inaondoa vumbi ya juu ya jani. Kile kilicho ndani ya jani hakitoki.

5. Mwagia maji chini kabla ya kufagia, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

6. Msiache mboga! Mtu aliyepungukiwa chuma mwilini anavuta risasi, kadmiamu na kobalti kwa urahisi zaidi. Mboga za kitalu kizuri, maharagi na samaki vinamlinda mtoto.

7. Watafiti wakija, waulizeni mbele ya kutoa mkojo ao mboga: mnapima nini, majibu yatarudi lini, na nani atatueleza kwa Kiswahili? Kukubali ao kukataa ni haki ya kila mtu. Majibu yakirudi, yaandikwe katika daftari ya koperative pamoja na tarehe, kitalu na majira.

Kila komite ilete ramani yake ya vitalu katika mkutano unaokuja. Tutaiangalia pamoja, tuchague vitalu vya kupima kwanza mbele mvua haijaanza.

Agronomi wenu