Mtoto amezaliwa, miguu bado imevimba

Kila mama wa Mabalako anaijua CPN. Unaamka mapema, unakaa kwenye benchi, unapewa kikopo uweke mkojo. Muuguzi anachovya kijikaratasi chenye rangi, anasubiri kidogo, anaandika neno fupi kwenye fishi yako, basi unarudi nyumbani. Wachache kati yetu tumewahi kuuliza ameandika nini.

Ameandika kama kuna albumini, yaani protini ya damu, ndani ya mkojo. Kila figo ina vichujio vidogo sana karibu milioni moja, vinavyofanya kazi kama chujio la chai: uchafu unapita, kitu kizuri kinabaki. Protini ikionekana kwenye mkojo, mara nyingi ni kwamba chujio linavuja.

Jirani yangu mmoja, ambaye sitamtaja jina, alianza kuvimba miguu na macho akiwa na mimba ya miezi minne. Sote tulimwambia ni mimba tu, hata mimi. Mtoto akazaliwa mzima. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, na kila asubuhi macho yake yalikuwa bado yamevimba. Vidole vilimuuma hata akashindwa kutwanga sombe. Ndipo maneno yakaanza: amepewa sumu, amelogwa, wifi yake ndiye anajua. Pesa yake ya AVEC iliishia kwenye majani ya kunywa na vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu. Alipofika Kampala kwa njia ya Kasindi, waganga walimpa jina ambalo hakuna mtu wa mtaa wetu alikuwa amelisikia: lupusi.

Sisi wa hapa tunaweza kuuelewa ugonjwa huu upesi, kwa sababu tulipita katika Ebola. Tarehe 1/8/2018 ugonjwa ulipotangazwa, ulikuwa Mangina, kwetu. Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, wagonjwa 681 wa Mangina, Beni, Butembo na Katwa waliingia katika utafiti wa dawa nne, ukiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Dawa mbili zilizoshinda zilikuwa kingamwili, wale askari ambao damu inawatengeneza ili wapigane na ugonjwa. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Askari wa mtu mmoja wakaja kuokoa wengine.

Katika lupusi, askari hao hao wanakosea adui. Wanaanza kupiga mwili wa mwenyewe: ngozi, viungo, mapafu, damu. Na wengi wao wanakwama ndani ya vile vichujio vya figo, wanaleta uvimbe na makovu. Karibu nusu ya wagonjwa wa lupusi wanaguswa figo. Hakuna mtu amekuwekea kitu kwenye chakula, na hakuna anayeweza kukuambukiza.

Tena ni ugonjwa wetu sisi wamama. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 45, yaani miaka ya kuzaa. Watafiti wanaangalia homoni zetu na ile kromosomu X ambayo mwanamke anayo mbili. Hawajamaliza.

Kwa nini basi hatukuusikia mapema? Sehemu moja ya jibu inatoka Nigeria. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, aliandika kwamba kati ya wagonjwa karibu 100,000 waliolazwa pale kwa miaka kumi, wenye magonjwa ya namna hii walikuwa kama mia moja tu. Alijiuliza kama malaria inazuia lupusi. Mwaka 1970 yeye na wenzake walichukua panya wanaougua ugonjwa unaofanana na lupusi, wakawapa malaria, na kweli figo za panya hao zilipona kuharibika. Ulikuwa utafiti mzuri. Lakini waganga wengi walibaki na wazo moja tu, kwamba lupusi si ugonjwa wa Afrika, na kitu ambacho mganga hakitarajii, hakitafuti.

Wala malaria si rafiki ya figo. Mwaka 1967 daktari Kibukamusoke na wenzake wa Kampala walieleza jinsi aina moja ya malaria, ile inayorudisha homa kila baada ya siku tatu, inavyohusiana na wagonjwa wa Uganda waliovimba mwili mzima kwa sababu ya figo.

Siku hizi wanatafuta, na wanaona. Huko Nairobi, waganga walifungua mafaili ya wagonjwa 100 wa lupusi. 97 walikuwa wanawake. Hao ndio waliofika Nairobi na kuwa na pesa ya kupimwa. Dada aliyekufa kijijini huku watu wakimtafuta mchawi hakuandikwa katika faili lolote.

Dawa zipo. Ya kwanza ni hidroksiklorokini, ndugu wa klorokini ile tuliyokuwa tukimeza kwa malaria zamani. Kuna prednizoloni ya kutuliza uvimbe haraka, na figo zikiguswa sana, dawa kali zaidi za kupunguza nguvu ya askari. Zinamezwa kwa miaka. Anayeacha kwa sababu anajisikia vizuri anaweza kurudishwa chini na ugonjwa.

Utafiti mpya uko mbali sana. Huko Erlangen, Ujerumani, mwaka 2021 walimtibu msichana wa miaka 20 ambaye figo zake zilikuwa zimeshambuliwa vikali. Walitoa chembe za damu yake, wakazifundisha kuua zile chembe zinazozaa askari wabaya, wakamrudishia. Ugonjwa ukatulia. Mwaka uliofuata walitangaza wagonjwa watano waliotibiwa hivyo, wote wakiwa wameacha dawa zao. Bei yake hata matajiri wa Butembo wangeiogopa, lakini sikuona sababu ya kuwaficha habari njema.

Turudi kwenye kikopo chetu. Ugonjwa wa tansiyo ya mimba kwa kawaida huja baada ya wiki 20. Mkojo ukionyesha albumini kabla ya hapo, uliza muuguzi: je, si figo? Na kama albumini ilionekana wakati wa mimba, rudi upimwe tena mtoto akifikisha miezi mitatu. Ikiwa bado ipo, huenda haitoki kwenye mimba tena. Kipimo ni kile kile cha CPN.

Angalia pia mkojo wenye povu lisiloisha, au wa rangi ya chai nzito. Tansiyo ya juu kwa msichana. Vidole vinavyokaza asubuhi, nywele zinazong'oka, vidonda vya mdomo vinavyorudi, mimba zinazoharibika mara kwa mara. Kwenye mashavu na pua kunaweza kutokea alama kama mabawa ya kipepeo. Vitabu vinasema ni nyekundu, lakini kwenye ngozi yetu mara nyingi huonekana nyeusi zaidi au ya zambarau. Na diklofenaki au ibuprofeni za sokoni, mwenye figo zinazouma azikimbie.

Jirani yangu aliniuliza swali ambalo ninyi pia mngeuliza: ataweza kuzaa tena? Wengi wanaweza. Waganga hutaka ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita kwanza. Hidroksiklorokini inaweza kuendelea wakati wa mimba, lakini mikofenoleti inaharibu mtoto tumboni, lazima ibadilishwe mapema, kabla ya kushika mimba. Kwa sasa anatumia uzazi wa mpango, mtoto wake ameanza kutembea, na wifi yake ndiye anayemsindikiza kwenda kupima mkojo.