Gari Jepesi Halitaki Mabavu

Vijana wanaoagiza Mazda Roadster kutoka Japani hunijia na swali lile lile, mara nyingi gari likiwa bado bandarini: nilishushe kiasi gani, na nilivalishe rimu za 17 au 18? Jibu langu huwakera. Liache lilivyo kwanza. Kanunue matairi mazuri, badilisha bushi zilizokufa, kisha liendeshe mpaka ulijue.

Nalipenda gari hili kiasi cha kuumia ninapoona linaharibiwa kwa fedha nyingi. Lilizinduliwa Chicago mwezi Februari 1989, na huko Japani likauzwa kwa jina la Eunos Roadster. La mwanzo lilikuwa na injini ya lita 1.6 na uzito wa kilo 940 hivi, pungufu ya Corolla ya leo kwa zaidi ya kilo 300. Kila gurudumu limeshikwa na amu ya juu na ya chini, mbele na nyuma, mpangilio ambao magari mengi ya bei yake hayakuwa nao. Kufikia Aprili 2016 yalikuwa yameshaundwa milioni moja. Tanzania magari ya zamani bado yanaingia, ukikubali kulipa ushuru wa uchakavu. Kenya, yenye ukomo wa umri wa gari wa miaka minane, anayeagiza leo hupata toleo la nne lililoanza 2015. Hata hilo, lenye injini ya lita 1.5, lina uzito wa karibu tani moja tu, na kiwanda kimelivalisha matairi membamba ya 195.

Wembamba huo una sababu zake. Tairi hushika lami kwa kukandamizwa na kwa kupata joto. Gari la tani moja na nusu hukandamiza tairi pana mpaka likafanya kazi. Gari la kilo 940 halina uzito huo. Ukilivalisha tairi la 225, usukani unakuwa mzito, raba inachelewa kupata joto, na mvua ikinyesha tairi linaelea juu ya maji mapema zaidi kwa sababu linayakanyaga kwa nguvu ndogo. Anayepanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto wakati wa masika, kona juu ya kona na lami inang'aa kwa maji, aelewe hilo kabla hajalipa.

Saizi ya kiwandani ya Roadster la kwanza ni 185/60R14. Maana yake upana ni milimita 185, ubavu ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 111, na rimu ni ya inchi 14. Ni saizi ya magari madogo ya kawaida, hivyo kuipata si shida, ila matairi ya michezo ya inchi 14 yamekuwa adimu. Ndiyo maana mimi huwashauri watu waende 195/50R15. Kimo cha tairi hilo ni milimita 576, na la zamani ni 578, kwa hiyo mshale wa spidi hausemi uongo na gia hazibadiliki tabia. Ukienda 205/40R17 kimo kinafika 596, na ubavu unabaki milimita 82. Ubavu ndio springi ya kwanza ya gari lako. Ukiupunguza, shimo linalofuata litaipasua rimu.

Tena kuna uzito wa rimu yenyewe. Zile za aloi za inchi 14 za kiwandani hazifiki kilo 6 kila moja, wakati nyingi za inchi 17 za bei nafuu hupita kilo 9. Uzito ulio chini ya springi haubebwi na springi. Unarukaruka pamoja na barabara, na shokapu ndiyo inayohangaika kuurudisha chini. Katika gari zito hutauhisi sana. Katika hili utauhisi kwenye usukani.

Kabla ya kutoa fedha za matairi, tazama tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yanaweza kuwa na kashata nzuri na raba iliyokwisha kukauka, na raba kavu haishiki, hata ikiwa ya kampuni kubwa kiasi gani.

Halafu upepo. Kibandiko cha kiwandani cha Roadster la kwanza kinasema PSI 26, na watu hawaamini. Kituo cha mafuta watakujazia 35 bila kuuliza. Fanya hesabu ya karibu: gari pamoja na dereva ni kilo 1,020, kila tairi linabeba kama 255. Kwa PSI 26, sehemu inayogusa lami ni sentimita za mraba 140 hivi, ukubwa wa kiganja pamoja na vidole vyake. Kwa 35 hubaki 104. Umetupa robo ya eneo linalogusa lami bure. Nunua geji yako mwenyewe, upime asubuhi matairi yakiwa baridi.

Sasa shokapu na springi, ambako ndiko fedha nyingi hupotelea. Springi hubeba gari; shokapu hutuliza mtikisiko wa springi. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, aliamini katika springi laini zilizodhibitiwa na shokapu nzuri, na Elan yake ya 1962, iliyowavutia sana waliobuni Roadster, ilijengwa hivyo. Lotus Elise ya 1996, yenye kilo 725 hivi, ilitoka kiwandani ikiwa na matairi ya mbele ya upana wa 185 tu. Watu wa Lotus walikuwa wakitafuta mwendo wa kasi, na ulaini ulikuwa njia yao ya kuupata, kwa kuwa gurudumu lililo hewani halikati kona.

Kukata koili za springi ili kulishusha gari nakupinga waziwazi. Ndani ya shokapu za Roadster kuna raba ya kuzuia kugonga, na nafasi kabla ya kuifikia ni fupi tangu kiwandani. Ukilishusha gari sentimita 4, linakaa karibu juu ya raba hiyo muda wote. Ukiwa katikati ya kona ukakutana na bonde dogo, springi inaisha ghafla na nyuma inateleza kabla hujajua kilichotokea. Barabara ya Arusha hadi Mombo ina matuta kila kijiji, na rasta kabla ya matuta. Gari gumu hapo linaruka, halitembei.

Nilimsikia fundi mmoja mzee wa Arusha akimjibu kijana aliyetaka koilova, yaani shokapu na springi za kurekebisha kimo cha gari.

"Shikamoo mzee. Nataka iwe ngumu, ishike."

"Marahaba mwanangu. Ugumu na kushika ni ndugu wasiosalimiana. Kwanza tuzitoe bushi hizi tuzione."

Bushi zilikuwa zimepasuka zote, na hakuna shokapu inayorekebisha amu inayocheza. Baada ya bushi, weka shokapu mpya: KYB zinatosha kwa matumizi ya kila siku, Bilstein ukitaka udhibiti zaidi, Koni za njano kama unapenda kurekebisha mwenyewe jinsi springi inavyorudi. Stabilaiza nene iguse kwa tahadhari, maana kutoka milimita 19 kwenda 22 ugumu wake hupanda kwa karibu asilimia 80.

Mwisho fanya alaimenti, na usikubali ile ya mbele peke yake. Roadster hurekebishwa pembe zote nne kwa boliti maalumu kwenye amu za chini. Mimi hupenda matairi ya mbele yalale ndani kwa juu nyuzi 1, ya nyuma nyuzi 1.5, na ya nyuma yatazamane kidogo sana kwa mbele. Boliti hizo kwenye magari ya zamani hushikwa na kutu. Zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla; zikigoma zikatwe, ziwekwe mpya. Ukishamaliza hayo yote na bado unataka kulishusha, sentimita 2 zinatosha, kwa springi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hili.