Kabla hujauza mtamba ukanunue betri

Ukipita Dongobesh au Katesh alfajiri, utaona pikapu kuukuu zimeegeshwa juu ya mteremko, pua ikitazama bondeni. Mgeni hudhani ndiyo desturi ya Mbulu na Hanang. Si desturi hata kidogo. Ni gari lisilopiga stata, na mwenyewe anajua kwamba akiliacha tambarare, kesho itambidi awagongee majirani milango waje kusukuma.

Mwezi wa Julai mwaka jana nililala kwa mzee mmoja si mbali na Dongobesh. Ana Toyota Hilux ya petroli ya miaka ya 1980, ambayo kwa jirani zake ni zaidi ya gari. Siku ya mnada hubeba mbuzi na magunia ya vitunguu swaumu. Usiku, mama akishikwa na uchungu, ndiyo inayompeleka Hospitali ya Haydom. Mzee akanisimulia kwamba usiku mmoja iligoma, mgonjwa akiwa amekwisha pandishwa, na wale akina mama waliomsindikiza ndio walioshuka wakaisukuma gizani. Walifika salama, lakini mzee alikosa raha. Fundi alikuwa amemwambia betri imekufa. Basi akauza mtamba, akanunua betri mpya. Miezi miwili baadaye ugonjwa ukarudi ule ule.

"Mwanangu," akaniuliza, "hizi betri za siku hizi zina nini?"

Swali hilo huulizwa hata Arusha na Dar es Salaam, na mara nyingi jibu ni kwamba betri inasingiziwa. Tuanze na hesabu kidogo. Taa mbili kubwa za mbele hutumia umeme wa ampea tisa au kumi. Stata ya injini ya petroli kama ile hutaka ampea 150 na kuzidi, na ya dizeli hutaka nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Betri ni nzima, taa si zinawaka?", hajathibitisha kitu. Vile vile, stata ikigoma haina maana kwamba betri imekufa. Kutu au uchafu ukiweka njiani kizuizi cha sehemu moja tu ya mia ya omu, taa hazitajua. Zitapoteza sehemu moja ya kumi ya volti. Lakini stata itanyang'anywa volti moja na nusu kati ya zile kumi na mbili, nayo itanguruma kivivu na kunyamaza.

Halafu kuna baridi. Asubuhi za Juni na Julai kule juu Mbulu si za mchezo. Betri ikipoa nguvu yake hupungua, na wakati huo huo oili ya injini imekuwa nzito kama uji uliolala. Gari lenye kasoro ndogo, ambalo lingewaka vizuri bandarini Tanga, huku litakuumbua.

Sasa ukitaka kujua kasoro iko wapi, washa taa kubwa, mwambie mwenzako apige stata, nawe simama mbele uzitazame. Taa zikibaki na mwanga wake na stata isiseme kitu, umeme haufiki kwenye stata: angalia swichi ya ufunguo, ule waya mwembamba uendao kwenye stata, au stata yenyewe. Taa zikififia sana na ukasikia ta-ta-ta-ta, betri imeishiwa, au vile vichwa vya nyaya vinavyobana betri vimelegea ama vimeota unga mweupe. Unga huo ni wa tindikali, na dawa yake unayo jikoni: magadi. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, osha kwa maji ya moto yenye magadi, kwangua mpaka risasi ing'ae, kausha, rudisha na ukaze, hasi ikiwa ya mwisho. Angalizo moja tu: magadi yasiingie ndani ya betri, maana yatakula tindikali unayoihitaji.

Kwa mzee wangu vichwa vilikuwa safi kabisa. Nilikuwa na kipima volti kidogo, cha bei ya sahani mbili za wali. Betri ilisoma 12.6, yaani imejaa. Ndipo mzee alipotaja jambo ambalo fundi hakulitilia maanani: kila akipiga stata kwa muda, waya wa akseleta hupata moto. Nikaushika. Kweli ulikuwa wa moto!

Hapo ndipo penye siri ya magari haya. Umeme hautoki kwenye betri ukaishia kwenye stata. Lazima urudi nyumbani. Njia yake ya kurudi ni bodi lenyewe la gari, na kwa kuwa injini imekalia raba, huunganishwa na bodi kwa mkanda wa waya wa shaba ambao mafundi huuita ethi. Injini ya mzee ilikuwa imeteremshwa mwaka uliotangulia kurekebishwa klachi. Aliyeirudisha aliusahau ule mkanda. Umeme, ukikosa barabara, ukawa unapita uchochoroni, kwenye kijiwaya cha akseleta.

Nikaweka ncha moja ya kipimo kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mzee akapiga stata. Ilipasa isome chini ya nusu volti. Ilisoma zaidi ya tatu. Usiye na kipimo chukua waya mmoja wa kustulia gari, uunge hasi ya betri moja kwa moja na injini, kisha piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, umekwisha mjua mwizi. Ya mzee ilizunguka hata kuku wakakimbia. Waya mnene na nati mbili vilimaliza kazi.

Yapo mengine niyataje mbio mbio. Stata ikizunguka vizuri na gari lisiwake, acha kuimalizia betri. Kwenye petroli tafuta cheche katika plagi, koili na pointi za distributa, kwenye dizeli tazama hita plagi. Gari likilala zima na kuamka limekufa, kuna mahali umeme unavuja: fungua hasi, uweke balbu ndogo kati ya waya na betri, ikiwaka wakati kila kitu kimezimwa, chomoa fyuzi moja moja mpaka izime. Injini ikiunguruma, betri isome baina ya 13.8 na 14.4, pungufu ya hapo, kagua kwanza mkanda wa feni. Na tafadhali, usimruhusu fundi achomoe betri injini ikiwa inaunguruma eti anapima alteneta. Atakuunguzia dayodi. Wala fyuzi haizibwi kwa karatasi ya sigara. Nimeona pikapu iliyoungua dashibodi yote kwa ujanja huo.

Niliporudi kwa mzee mwezi wa Septemba, pikapu ilikuwa imeegeshwa tambarare, mbele ya mlango. Nikamwuliza ile betri yake ya kwanza, ile iliyotangazwa kufa, ilikwenda wapi. Akacheka kwa uchungu kidogo. Alimwachia jirani kwa bei ya kutupa, na jirani ameifunga kwenye Land Rover yake. Inapiga stata kila alfajiri.